Kama ndani ya utupu wa Boötes hakuna kitu, hicho kidogo kilichomo wanakipimaje?

#1 Paa la Slebu
Salaam wakuu.

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu kuanzia magharibi hadi saa nne usiku. Ndani joto halivumiliki, nikapanda juu ya slebu na mwanangu wa darasa la sita, tukajilaza kwenye mkeka. Akaona nyota ya rangi ya chungwa inang'aa upande wa kaskazini, akauliza jina lake. Nikamwambia ni Simaki, ipo kwenye kundi la Bakari ambalo Wazungu wanaliita Boötes. Nikaendelea kumweleza kwamba nyuma ya kundi hilo, mbali sana, kuna eneo la anga lenye upana wa miaka nuru kama milioni 330 ambalo galaksi zake ni za kuhesabu kwa vidole. Nimewahi kusoma kwamba maada ndani ya maeneo kama hayo ni asilimia 10 hadi 20 tu ya wastani wa ulimwengu.

Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Baba, kama hakuna kitu, nani alikwenda kuhesabu hicho kidogo?"

Sikuwa na jibu. Naomba mnaojua mnisaidie. Picha ya utupu wenyewe nimeiweka hapo chini, lile doa jeusi katikati ya nyota.

#2 Vumbi la Hawaa
Karibu mkuu. Swali zuri, ila nianze na hiyo picha, maana kila mwaka inarudi mitandaoni na maelezo yaleyale.

Hiyo siyo Boötes. Hilo doa ni Barnard 68, wingu la gesi na vumbi lililo kwenye kundi la Hawaa, hapahapa kwenye galaksi yetu. Liko umbali wa miaka nuru kama 500 na upana wake ni nusu mwaka nuru hivi. Ni jeusi kwa sababu vumbi limeziba nyota za nyuma, na ukilipiga picha kwa mwanga wa infraredi nyota hizo zinatokeza. Yaani kinachoonyeshwa kama mfano wa utupu ni mahali palipojaa.

Utupu wenyewe hauna sura ya kupigwa picha. Ukielekeza darubini huko utaona nyota nyingi tu, maana nyota za galaksi yetu ziko mbele yake, na galaksi nyingine ziko nyuma yake. Hauonekani mpaka ujue kila kitu kiko umbali gani.

#3 Mwalimu wa Zamu
#2 asante sana. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na picha hiyo nimeionyesha darasani miaka mitatu mfululizo. Jumatatu naanza kipindi kwa kuirekebisha. Wale waliomaliza sijui nitawapata wapi.

#4 Mzee wa Spektra
Sasa tujibu swali la mtoto.

NASA waligundua utupu huu mwaka 1981. Walichofanya ni kupima mwanga wa galaksi moja moja. Hidrojeni ina mistari yake kwenye spektra (mwanga uliotenganishwa rangi kwa rangi) ambayo haibadiliki. Mmojawapo, ule mwekundu, maabara inausoma kwenye nanomita 656. Galaksi ikiwa inaenda mbali nasi, mstari uleule unasogea upande wa wekundu. Ukiukuta kwenye 689, umesogea kama asilimia 5, kwa hiyo galaksi hiyo inakimbia kwa kilomita karibu 15,000 kwa sekunde.

Wakachagua vipande vitatu vidogo vya anga vilivyoachana, wakapima galaksi zake. Katika vyote vitatu wakakuta za kasi ya chini ya 12,000 zipo, za zaidi ya 18,000 zipo, katikati karibu hamna. Pengo la kilomita 6,000 kwa sekunde, mahali palepale, pande zote tatu.

#5 Jicho Kavu
#4 umeeleza vizuri lakini NASA hawakuhusika hapo. Ni wanaastronomia wanne: Robert Kirshner, Augustus Oemler, Paul Schechter na Stephen Shectman. Walitumia darubini za ardhini. Tuwape haki yao.

#6 Binti Mtoni
Mimi naomba ufafanuzi. #4 anasema pengo la kasi, mleta mada anasema upana wa miaka nuru. Kasi imegeukaje kuwa urefu?

#7 Mzee wa Spektra
#5 sahihi, nimepokea.

#6, ulimwengu unatanuka, kwa hiyo kitu kikiwa mbali zaidi kinaonekana kukimbia zaidi. Ukadiriaji wa kawaida ni kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, na megaparseki ni miaka nuru milioni 3.26. Gawanya 15,000 kwa 70 unapata megaparseki 214, zidisha, unapata miaka nuru kama milioni 700. Hapo ndipo katikati ya utupu. Ila hiyo 70 yenyewe ina ugomvi wake, naona mtu atakuja kuuleta.

#8 Nahodha Mstaafu
Nami nichangie kwa upande wa nyota. Sie tuliosafiri na majahazi Simaki tunaijua tangu utotoni. Wakati huu wa kusi, baada ya isha, tizama kaskazini, iko juu. Nyoosha mkono, panua vidole, shubiri yako ndo kipimo. Kutoka Simaki teremka kuelekea kaskazini shubiri moja na robo hivi, hapo ndipo wanaposema hao wasomi. Mie nimepatizama usiku mwingi kabla sijajua kuna habari hiyo.

#9 Kontena Futi 20
Niwape kipimo cha kazini kwangu. Nimekaa bandarini miaka 11, kazi yangu kuhesabu mizigo inayotoka kwenye kontena. Kontena la futi 20 ndani lina mita za ujazo kama 33. Ukifungua mlango likiwa tupu, sauti yako inarudi, na harufu ya mbao za sakafu inakupiga usoni. Sisi tunasema "tupu" tunaandika kwenye fomu.

Sasa kwa hesabu za wanasayansi, maada ya kawaida kwa wastani wa ulimwengu mzima ni atomi moja kwa kila mita nne za ujazo. Kontena langu lingebeba atomi nane. Ukienda ndani ya utupu, kwa hiyo asilimia 10 hadi 20 aliyosema mleta mada, inabaki moja, labda moja na nusu. Kontena zima. Nimelifikiria hili zamu nzima ya usiku.

#10 Bakari Og
Kumbe nina kundi langu la nyota na utupu wangu! Mke wangu akiona uzi huu nimekwisha.

#11 Binti Mtoni
#10 sasa tunajua fedha za vikoba zinapotelea wapi 😂

#12 Taa za Singida
Naomba kupinga kidogo. Wote mnazungumzia kuhesabu galaksi. Galaksi ni taa. Nimesafiri na basi la usiku kutoka Dodoma kwenda Singida mara nyingi. Unaona taa za mji, halafu giza refu, halafu taa tena. Mgeni atasema pale katikati hapaishi watu. Mimi ni mzaliwa wa pale katikati. Kuna nyumba, kuna mifugo, kuna watu wamelala. Hawana umeme tu.

Kwa nini utupu wa Boötes usiwe hivyohivyo? Maada ya giza, ile isiyotoa mwanga ila ina uzito, ipo tele, ila haikuwasha taa.

#13 Vumbi la Hawaa
#12 umegusa penyewe, na wataalamu wanalijua tatizo hilo. Galaksi hupenda kuzaliwa pale maada ilipojazana, kwa hiyo kuhesabu galaksi peke yake kunafanya utupu uonekane mtupu kuliko ulivyo.

Nyongeza: hata taa zenyewe zipo. Boötes ilipopekuliwa upya miaka ya 1980 zilianza kupatikana galaksi ndani yake, na kufikia 1997 zilikuwa 60 hivi. Eneo la ukubwa huo kwa wastani lingetarajiwa kuwa na kama 2,000. Mleta mada aliposema za kuhesabu kwa vidole, vidole vyake ni vingi.

#14 Lenzi Mbonyeo
Kwa #12: njia ya kupima kisichowaka ipo, nayo ni kupinda kwa mwanga.

Kila chenye uzito hupinda mwanga unaopita karibu yake. Kundi zito la galaksi linafanya kazi ya lenzi mbinuko, linakusanya mwanga. Galaksi zilizo nyuma yake zinaonekana zimevutwa kulizunguka, kama watu waliokaa duara kuzunguka ngoma. Utupu unafanya kinyume, ni lenzi mbonyeo. Pale katikati hakuna kinachovuta, kuta za galaksi zilizouzunguka ndizo zinavuta, mwanga unatawanyika kuelekea nje. Galaksi za nyuma zinaelekeza ncha zao katikati, kama sindano za fundi zilizochomekwa kwenye mto wake. Na hapa haijalishi maada inawaka au haiwaki, uzito ni uzito.

Shida ni udogo wake. Umbo la galaksi linabadilika kwa chini ya asilimia moja, na galaksi zenyewe kwa asili zina maumbo ya kila namna. Utupu mmoja haukupi jibu. Wanachukua utupu mamia na maelfu, wanaupanga mmoja juu ya mwingine kwenye kompyuta mpaka alama itokeze. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilifanya hivyo kwa takwimu za upimaji wa anga wa Sloan, na alama ikaonekana.

#15 Taa za Singida
#14 asante. Kwa hiyo wamepima wastani wa utupu mwingi, huo mmoja wa Boötes bado?

#16 Lenzi Mbonyeo
Kwa njia hii, ndiyo, ni wastani. Darubini ya Euclid iliyorushwa Julai 2023 inapima maumbo ya galaksi zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo alama itakuwa safi zaidi. Lakini hata hivyo kupangana ni lazima.

#17 Fundi Redio
Mimi fundi wa redio, nimeleta njia yangu. Kuna milio ya redio inatoka galaksi za mbali, inadumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Mlio ukitoka, masafa yote yanaondoka pamoja. Njiani kuna elektroni huru, nazo zinachelewesha masafa ya chini kuliko ya juu. Ukiupokea hapa, unakuta masafa ya juu yametangulia na ya chini yanafuata nyuma. Ukichora kwenye skrini ni mstari uliopinda kama mkia wa ng'ombe. Mkia ukiwa mrefu, elektroni zilikuwa nyingi.

Mwaka 2020 Jean-Pierre Macquart na wenzake huko Australia walitumia milio michache tu iliyojulikana galaksi ilikotoka, wakahesabu maada ya kawaida iliyokuwa imewapotea watu kwa miaka mingi. Ilikuwapo muda wote, imetapakaa katikati ya galaksi. Macquart alifariki wiki chache baada ya makala kutoka. Nikisoma habari zake huwa naguswa, kwa sababu alipima kwa kuchelewa kwa redio, kitu ambacho mimi nakigusa kila siku kwenye meza yangu.

#18 Jicho Kavu
#17 ni kweli, lakini tuwe waangalifu. Mkia unakupa jumla ya elektroni njia nzima, kutoka huko mpaka antena. Haukuambii ngapi zilikuwa kwenye utupu na ngapi ukutani. Ni sawa na kupewa jumla ya nauli ya safari bila kuambiwa kila kituo ulilipa ngapi. Lazima uwe na ramani ya galaksi za njiani, na milio mingi.

#19 Kompyuta ya Shangazi
Wakuu mbona hamjagusa jambo hili? Mwaka 2016 kundi la Markus Haider lilitoa hesabu kutoka mwigo wa kompyuta unaoitwa Illustris. Walipogawa ulimwengu huo wa kompyuta, utupu ulichukua asilimia 80 hivi ya nafasi yote lakini asilimia 6 tu ya maada yote. Cha ajabu ni kwamba ukichukua maada ya kawaida peke yake, asilimia 20 hivi ilikuwa huko utupuni. Mashimo meusi makubwa ya katikati ya galaksi yalikuwa yameisukuma nje.

Kwa hiyo #12 anasema kuna maada ya giza bila taa. Mwigo huo unasema kilichoenda huko kwa wingi ni gesi ya kawaida.

#20 Taa za Singida
#19 kompyuta haikupima, imekokotoa. Mleta mada kauliza wanapimaje. Ukibadilisha nguvu ya hayo mashimo meusi ndani ya programu, hiyo 20 inabaki 20?

#21 Kompyuta ya Shangazi
Haibaki, nakubali. Lakini bila mwigo hutajua utafute gesi kiasi gani. Hivi viwili vinakwenda pamoja.

#22 Mwalimu wa Zamu
Kuna fumbo jingine linalomhusu #12 moja kwa moja. Jim Peebles, aliyepata Nobel 2019, aliandika mwaka 2001 kwamba utupu ni mtupu kupita kiasi. Kwa nadharia ya maada ya giza alitarajia galaksi ndogondogo zitapakae ndani yake, lakini hazionekani kwa wingi huo. Yaani vijiji visivyo na umeme vya #12 havikupatikana.

Baadaye Jeremy Tinker na Charlie Conroy wakajibu, 2009, kwamba hakuna fumbo: utupuni marundo ya maada ya giza yanayokua ni madogo mno kuwasha nyota za kutosha, kwa hiyo nadharia na hesabu zinapatana. Nimesoma pande zote mbili na bado moyo wangu uko kwa Peebles.

#23 Vumbi la Hawaa
Wangu uko kwa Tinker na Conroy 🙂 Tutakutana mbele.

#24 Dereva wa Kitonga
Naomba na mimi. Nimesikia kuna doa baridi kwenye mwanga wa kale wa ulimwengu, ule uliobaki tangu mwanzo wake, upande wa kundi la nyota la Nahari, na kwamba limesababishwa na utupu. Utupu unapoozaje mwanga?

#25 Mzee wa Spektra
#24 kwa jina lako utanielewa haraka. Kwa mwanga, utupu ni mlima. Ukiingia unapanda na kupoteza nguvu, ukitoka unateremka na kurudishiwa. Kama mlima haubadiliki, unatoka na nguvu uliyoingia nayo. Lakini mwanga unatumia mamilioni ya miaka kuvuka, na wakati huo nishati ya giza, ile inayofanya ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, inautanua, mlima unalainika. Fikiria umepanda Kitonga na mzigo, umeunguza dizeli yote ile, ukifika juu unakuta upande wa pili mteremko umefupishwa. Hurudishiwi ulichotumia. Mwanga unatoka umepoa.

Hii nayo ni njia ya kupima utupu. Lile doa la Nahari ni baridi kwa digrii kama 0.00007 chini ya wastani wa 2.725 za kelvini. Liligunduliwa 2004 kwenye takwimu za chombo cha WMAP, na 2015 István Szapudi na wenzake wakaonyesha kuna utupu mkubwa sana uelekeo huohuo, umbali wa miaka nuru kama bilioni 3. Basi, jibu limepatikana.

#26 Lenzi Mbonyeo
#25 mlima umeuchora vizuri lakini jibu halijapatikana. Mwaka 2021 watu wa upimaji wa nishati ya giza, wale wanaotumia darubini ya Chile, walichora ramani ya maada ya giza uelekeo huo kwa njia niliyoieleza #14. Utupu upo kweli. Lakini ubaridi unaoweza kuuleta ni sehemu ndogo tu, asilimia 10 hadi 20 ya unaoonekana. Baki yake inabaki inaulizwa: bahati ya mgawanyo wa mwanga wenyewe tangu mwanzo, au kitu kingine.

#27 Dereva wa Kitonga
Nimeelewa yote mawili. Mlima ni wa kweli ila dizeli iliyopotea ni nyingi kuliko mlima. Kwetu tungeangalia kama tangi linavuja.

#28 Ndani ya Shimo
Mnahangaika na Boötes wakati sisi wenyewe tunaishi utupuni! Mwaka 2013 Ryan Keenan, Amy Barger na Lennox Cowie walihesabu galaksi wakaona eneo letu lina upungufu, upana wake miaka nuru kama bilioni 2. Kama ni kweli, galaksi za jirani zinavutwa na kuta za nje, zinaonekana kukimbia kuliko kawaida. Ndiyo maana kwa ile 70 ya #7, waliopima kwa supanova (nyota zinazolipuka) wanapata 73 na waliopima kwa mwanga wa kale wanapata 67.4. Ule ugomvi aliougusa #7 unaishia hapo. Mwaka 2025 Indranil Banik wa Portsmouth ameutetea tena kwa kutumia mawimbi ya sauti ya ulimwengu wa mwanzo.

#29 Jicho Kavu
#28 taratibu. Kama tungekuwa ndani ya shimo la kina hicho, supanova zingeonyesha ukingo wake, mahali ambapo kasi inabadilika ghafla. D'Arcy Kenworthy, Dan Scolnic na Adam Riess waliutafuta mwaka 2019, hawakuuona.

#30 Ndani ya Shimo
Ukingo wa shimo si lazima uwe wa ghafla kama wa kisima. Unaweza kuwa kama wa bonde.

#31 Jicho Kavu
Basi lete bonde lenye namba tulipime.

#32 Msomi wa Karoo
Nipo Cape Town kimasomo, natokea Kenya. Mwaka jana tulipelekwa kuona darubini ya redio ya MeerKAT huko Karoo, antena 64, kila moja upana mita 13.5. Kabla ya kufika simu zote zinazimwa, mawimbi yake yanachafua kazi. Ukisimama chini ya antena moja unasikia mota zake, halafu zote zinageuka pamoja kama mbuzi waliosikia sauti. Ukimya wake sijawahi kuusikia popote, hata kwetu vijijini.

Kazi yake mojawapo ni kusikiliza hidrojeni baridi, ile inayotoa mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 21. Galaksi ndogo yenye gesi isiyo na nyota za kutosha, ambayo #12 na #22 wanaibishania, inaweza kusikika kwa njia hiyo hata kama haionekani. Kenya ni mojawapo ya nchi 8 washirika wa Afrika kwenye mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA unaojengwa hapohapo. Hili la utupu ningependa tulipime sisi pia.

#33 Taa za Singida
#32 hilo ndilo nililotaka kusikia. Nasubiri.

#34 Nahodha Mstaafu
Mleta mada kakimbia wapi? Tumemjazia mkeka.

#35 Paa la Slebu
Nipo wakuu, nasoma kila mchango. Nimemsomea mtoto kuhusu kontena na atomi moja, akaenda kulipima kabati kwa rula kujua lingepata robo ngapi za atomi.

Leo umeme upo lakini tumepanda juu vilevile. Tumefanya alivyosema nahodha, shubiri kutoka Simaki, ila shubiri ya mtoto ni ndogo tukatumia yangu. Akatazama muda mrefu, akasema, "Baba, mbona hapo kuna nyota tatu ndogo?" Nikamweleza kama #2 alivyonieleza, hizo ni za kwetu, ziko mbele. Akainua kidole gumba akaziziba moja moja, anasema anataka aone kilicho nyuma.